Safari ya Vurra: siku watoto wa S.4 walipogawa mali yao

Mwezi uliopita niliahidi habari ya safari. Basi leo natimiza. Nilikwenda Vurra.

Najua kuna watakaouliza: Vurra kuna nini? Si ni pale kwenye forodha, malori na vumbi tu? Ngojeni kidogo.

Mtoto wa dada yangu yuko S.4 katika shule moja ya bweni upande ule. Alinipigia kwa simu ya matroni. "Mjomba, njoo Jumamosi, ni sherehe ya kutuaga kabla ya mtihani. Nimekuandika kwenye wosia wangu." Mimi nikashtuka. Msichana wa miaka kumi na nane anaandika wosia, anaumwa nini? "Utaona," akasema, na salio likaisha.

BARABARA MOJA, MIPAKA MIWILI

Kutoka hapa Lobule nilipanda boda mpaka Koboko mjini, halafu teksi mpaka Arua. Barabara hii tunaipita kila siku bila kuifikiria. Inaanzia Vurra kwenye mpaka wa Congo, inapita Arua, inapita Koboko, inakwenda kuishia Oraba kwenye mpaka wa Sudan Kusini. Kilomita 92. Zamani ilikuwa udongo mwekundu, ukishuka kwenye gari unafanana na tofali. Siku hizi ni lami. Kuna walioingia Uganda kwa ncha ile na kuna walioingia kwa ncha hii, na wote tunakutana katikati tukigombea kiti cha dirishani.

Arua, ambayo ni jiji tangu Julai 2020, nilishuka sokoni kununua kadi ya kumtakia mtoto heri ya mtihani. Ziko za aina mbili, zinazoimba ukizifungua na zisizoimba. Nikauliza bei ya ile inayoimba. Mama muuzaji akaniangalia viatu, akasema, "Mzee, chukua hii nyingine, nayo ina maneno mazuri." Nikachukua isiyoimba.

Kutoka Arua unashika njia ya kusini, ile ya Nebbi. Ukifika Vurra, Congo iko mkono wako wa kulia, karibu kiasi kwamba kuku wa huku anaweza kwenda kutaga kule. Malori yanasubiri karatasi zao yaendelee Aru na Bunia. Mpaka hapa unafuata mgongo wa nchi. Mvua ikinyesha, maji ya upande wa Uganda yanateremka kwenye Nile mpaka Misri, na ya upande wa pili yanakwenda mto Congo mpaka bahari ya Atlantiki. Wakubwa wa zamani walitazama maji yanakokwenda, hawakutazama watu. Hata huku West Nile kulikuwa chini ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji, kukapewa Sudan mwaka 1910, kukaletwa Uganda mwaka 1914. Walugbara wakabaki pande zote mbili, shangazi huku, mpwa kule. Ndiyo maana pale Vurra, kabla hujamaliza kikombe cha chai, umeshasikia Kilugbara, Lingala, Kiswahili na Kiingereza.

WOSIA WENYEWE

Sherehe ilifanyika bwaloni. Kulikuwa na sala, risala, na hotuba, nyingi kweli. Pilau tuliinusa kuanzia saa nne asubuhi, tukaila saa kumi. Lakini katikati hapo ndipo likaja jambo lililonitoa nyumbani.

Watoto wa S.4 walisimama mmoja mmoja, kila mmoja na karatasi yake, kusoma anachoacha na anamwachia nani. Desturi hii iko mpaka Marekani. Huko wanafunzi wa mwaka wa mwisho wa sekondari, tangu zamani, huandika wosia wa darasa na kuuchapisha kwenye gazeti la shule au kitabu cha mwaka. Huku kwetu mtoto akimaliza shule alikuwa anazungusha tu daftari wenzake waandike jina na neno la kumbukumbu. Hawa wa Vurra wameunganisha yote mawili, na wakatia chumvi.

Wa kwanza alikuwa kijana mrefu, mwembamba kama mwiko wa posho.

"Mimi niliyelala kitanda cha juu karibu na mlango, nikiwa na akili timamu ingawa mwalimu wa fizikia ana mashaka, namwachia ndugu yangu wa S.2 kitanda hicho, pamoja na kunguni wote niliowalea kwa miaka minne. Ni wapole. Wanakula saa saba usiku. Asiwacheleweshe."

Bwalo likapasuka. Akafuata msichana, akamgeukia mwalimu wa hesabu.

"Mwalimu, miaka minne unaniuliza X iko wapi. Leo, mbele ya wazazi, naapa sikuichukua mimi. Nimeitafuta darasani, bwenini, hata upande wa Congo nimeulizia. Nakuachia wewe uendelee kuitafuta."

Mwalimu alicheka mpaka akavua miwani. Mpishi akaachiwa kikopo cha mawe, yote yaliyotoka kwenye maharagwe ya kijana mmoja tangu S.1. "Mama, nimeyahifadhi vizuri. Ukipata mengine kidogo, yanatosha msingi wa nyumba." Mpishi akainuka, akapokea kikopo kwa mikono miwili kama zawadi ya harusi, akamjibu, "Asante mwanangu. Na wewe leo nyama utaipata, lakini mchuzi umemwachia mwenzako." Mwalimu wa zamu akaachiwa tundu la kwenye ua wa nyuma, "ambalo nyote mlifikiri limetobolewa na mbuzi." Mkuu wa shule akarudishiwa "mwisho kabisa" zote anazozisema katika hotuba moja. Mtoto alikuwa amezihesabu.

NENO LILILOCHOMA

Sasa nisiwafiche. Si kila neno lilikuwa tamu.

Kijana mmoja, sidhani ni mbaya, alikuwa amechangamka tu kwa kuchekesha watu. Akasoma: "Na wenzetu kutoka Congo na Sudan Kusini, nawaachia mbio, maana kwenye kukimbia nyie ndio mabingwa."

Wachache wakacheka. Halafu kicheko kikakatika kama redio iliyoishiwa betri. Niliona watoto wetu, wale wa kambini, wameinamisha vichwa wanaangalia sahani ambazo hazina kitu. Mimi mwenyewe moyo ulinidunda. Nikawaza, nisimame? Niseme nini, mimi mgeni? Nikakaa.

Aliyesimama ni mzee mmoja wa kamati ya wazazi, Mlugbara wa pale pale, fimbo mkononi. Hakugomba. Akasema, "Mwanangu, hizo mbio umempa mtu asiye mwenyewe. Ni zangu. Mwaka 1980, Amin ameshaanguka, wanajeshi wakaja huku kwetu kulipiza kisasi. Nilivuka hapo," akanyosha fimbo dirishani, "na mbuzi mmoja, na mdogo wangu mgongoni. Miaka sita nimekula mihogo ya Wakongo upande wa Aru. Lingala yangu hii sikujifunza kwenye disko. Shule hii imejaa wajukuu wa watu waliokimbia. Kwa hiyo nirudishie mbio zangu, nitazigawa mwenyewe."

Watu wakacheka, safari hii wote. Kijana alisimama pale, karatasi inatetemeka. Kisha akasema, "Mzee, nafuta. Wao nawaachia kiti changu cha mbele karibu na dirisha." Akatoa kalamu, akafuta kweli, akaandika upya. Nilimpigia makofi.

Ndugu wasomaji, sisi tunaokaa huku tunasahau jambo hilo. Wenyeji wetu wengi wa West Nile walikuwa wakimbizi kwetu na kule Sudan miaka ya themanini, na wengi walirudi makwao kuanzia katikati ya miaka hiyo. Wanajua hema. Ni watoto wao tu ambao hawajasimuliwa.

ZAMU YA MTOTO WETU

Aliyefuata kusoma, kama ilivyotokea, ni mtoto wa dada yangu. Nilitaka kumwambia akae, aache. Lakini alikuwa ameshafika mbele.

"Mimi nilifika hapa katikati ya muhula, bila sanduku. Vitu vyangu vilikuwa ndani ya mfuko wa unga. Mwalimu wa Kiingereza, nakurudishia H zote nilizoziangusha, maana nilitoka kwenye Kifaransa. Nikikwambia nina njaa wewe unasikia nina hasira, unaniuliza nani amekukosea. Ziko chini ya dawati langu, zifagiliwe.

"Mjomba wangu yule aliyekaa nyuma, aliyekuja na kadi isiyoimba, namwachia ahadi yake ya kuja siku ya wazazi. Bado mpya. Haijatumika hata mara moja."

Watu wote wakageuka kuniangalia. Nilicheka kwa nguvu, lakini wazazi mnanielewa. Miaka minne sikwenda. Tangu mgao ulipopunguzwa mwaka 2023, nauli ya kwenda Vurra na kurudi ni chakula cha nyumba nzima. Mtoto anajua. Hakusema kwa hasira. Ila alisema.

"Na mwisho, blanketi la kijivu nililopewa siku tulipopokelewa Uganda. Namwachia mdogo wangu wa S.1 aliyefika mwezi uliopita akiwa na mfuko wa unga kama mimi. Limekuwa jepesi, lakini ukilikunja mara mbili linafanya kazi."

Akashuka, akampelekea mwenyewe. Kale katoto hakakusema kitu. Kakalikunja mara mbili pale pale.

KURUDI NYUMBANI

Jioni, tukiwa tunasubiri teksi barabarani, nikamwambia pole kwa zile siku za wazazi. Akasema, "Mjomba, si umekuja? Ungekosa leo ndiyo ningekuandikia vibaya." Kama ataendelea S.5 hatujui. Karo hatuna bado, tunaomba huku na huku, na matokeo yenyewe ni mpaka mwakani. Hilo sitalipamba.

Lakini njiani kurudi Koboko nilikuwa nafikiria kitu kingine. Mwaka 2003 nilikuwa nafundisha darasa la nne kule Ituri. Siku tuliyokimbia nilikuwa na daftari za watoto sijasahihisha, na ufunguo wa kabati la darasa mfukoni. Sikumwaga mtu. Ufunguo huo ninao mpaka leo, mke wangu ameuliza mara nyingi ni wa nini. Wengi wenu mna ufunguo kama huo, au picha, au jina la jirani ambaye hamkumpa hata kwaheri. Tulizoea kufikiri wosia ni mambo ya wenye mashamba na ng'ombe. Kumbe wosia ni kupata nafasi ya kusema: mimi naondoka, hiki ni chako, na wewe mwalimu asante. Sisi nafasi hiyo hatukupewa. Watoto wetu safari hii wameondoka mahali mchana kweupe, kwa miguu yao, watu wakicheka.

KWA WAZAZI NA WALIMU WA HAPA

Naomba watoto wetu wa P.7 nao wafanyiwe hivi mwaka huu. Haigharimu kitu, ni karatasi na kalamu. Nimeuliza walimu wa kule wanavyofanya, wakanipa mambo manne.

Moja, kila mtoto aandike vitu vitatu tu, vikizidi watu wanalala. Mbili, mwalimu asome karatasi kabla ya siku yenyewe, si kuondoa utani, bali kuondoa sumu. (Ile moja iliwapita, walikiri.) Tatu, utani usiguse maumbile ya mtu, kabila lake, umaskini wake, wala alikotoka. Ukitaka kucheka umaskini, cheka wako. Nne, kitu kimoja kati ya vile vitatu kiwe cha kweli, cha kushikika: kalamu, rula, jerikani, daftari lenye mazoezi ya zamani. Wadogo wanaobaki wanahitaji vitu, si vichekesho peke yake.

Na sisi wakubwa tuanze. Mimi nawaachia wasomaji wa ukurasa huu kadi moja isiyoimba. Mtoto aliisoma, akanirudishia, akasema niihifadhi ya mdogo wake.

Tuonane mwezi ujao, Mungu akipenda. Msalimiane.