Mkimtafuta Fundi wa Kupaua

Wajukuu zangu,

Nawaandikia nikiwa na akili zangu timamu. Mambo ya mirathi nimekwisha kuyaweka kwa maandishi mbele ya mashahidi, na hati ya kiwanja cha Pongwe anayo shangazi yenu mkubwa. Hayo hayanisumbui tena. Kinachonikosesha usingizi ni nyumba mtakayoisimamisha pale, hasa paa lake. Kupaua ndiyo kazi iliyonilisha na kuwasomesha wazazi wenu, nami najua jinsi inavyoharibiwa na watu wenye ngazi na nyundo wasiokuwa na elimu ya kitu wanachokipigilia.

Wosia wangu ni huu: bati lenu lisipandishwe juu na mtu ambaye kiwanda kilicholitengeneza hakimtambui. Mtaambiwa hiyo ni anasa ya wenye maghorofa. Mtaambiwa fundi fulani ana mkono mzuri, amepaua mtaa mzima, hana haja ya karatasi. Nisikilizeni kwanza, kisha muamue.

Nilipokuwa kijana pale Ngamiani, bati tulilolijua lilikuwa la aina moja: chuma kilichochovywa kwenye zinki, migongo midogo, tena nene, hata kosa la fundi likachukua miaka mingi kujitokeza. Leo ingieni duka lolote la vifaa vya ujenzi. Kuna migongo midogo, migongo mipana, msauzi, bati la mfano wa vigae, la rangi na lisilo na rangi. Kuna la zinki tupu na la mchanganyiko wa alumini na zinki. Halafu kuna geji, na hapo wengi hupotea, maana namba ikipanda bati linakuwa jembamba zaidi: geji 28 hukaribia milimita 0.4, ilhali geji 32 iko kwenye robo milimita au chini yake. Kila aina ina masharti yake: mwinamo wa paa usipungue kiasi gani, papi zikae umbali gani, bati lilalie mwenzake kwa sentimita ngapi, skrubu iwe ya namna gani na ikae wapi. Masharti hayo yameandikwa kwenye mwongozo wa kiwanda. Fundi aliyejifunza kwa kutazama kazi za wenzake hajawahi kuyasoma, na mara nyingi hajui kama yapo.

Chukueni bati la alumini na zinki, ambalo ndilo nawashauri. Tabaka linalokinga chuma lina alumini asilimia 55, iliyobaki karibu yote ni zinki, na silikoni kidogo. Hata kwenye bati bora tabaka hilo lina unene wa kama milimita 0.02 tu kwa kila upande. Hiyo ndiyo ngozi ya nyumba yenu. Sasa anakuja fundi na grinda, kwa sababu grinda inakata haraka. Joto lake linaunguza tabaka na rangi pembezoni mwa mkato, na cheche zake, ambazo ni vipande vya chuma cha moto, zinatua juu ya bati na kuganda. Zikinyeshewa, zinashika kutu, na bati jipya linakuwa na madoa mekundu kabla familia haijahamia. Bati hukatwa kwa mkasi wa bati au mashine isiyochoma, na takataka zote za chuma hufagiliwa jioni hiyohiyo.

Saruji nayo. Siku hizi vijana mnapenda paa la kujificha nyuma ya ukuta. Mafundi wa lipu wanapanda baada ya bati kuwekwa, na udongo wa saruji unadondoka na kukaukia juu yake. Saruji mbichi inakula alumini. Maji yaliyopita kwenye bomba la shaba, kama yale yanayochuruzika kutoka kwenye kiyoyozi, yanakula vilevile. Hata mbao za dawa, kwa sababu ya shaba iliyomo kwenye dawa yake, hudhuru bati zikigusana nalo zikiwa bado mbichi. Nani atamwambia hayo fundi asiyepitia mafunzo? Duka haliwezi, linauza tu. Na mabati yakishushwa kwenye lori yakapangwa nje bila kufunikwa, maji yakaingia kati yake, hutoka kutu nyeupe kama unga hata kabla bando halijafunguliwa.

Kuna na hili la joto. Bati lenye urefu wa mita 10, likipata jua kali la mchana na baridi ya usiku kwa tofauti ya nyuzi 40, hurefuka na kurudi kwa karibu milimita 5, kila siku ya Mungu. Msumari wa kawaida hulegezwa na mwendo huo. Ndiyo maana kiwanda hutaka skrubu yenye washa ya mpira, ikazwe kiasi: ikilegea inavuja, ikikazwa kupita kiasi mpira unapasuka na bati linabonyea. Kwenye bati la migongo midogo hupigwa juu ya mgongo, kamwe si bondeni maji yanapopita. Na ungio la ubavuni mdomo wake hautazami upepo. Huku kwetu masika huingia na kusi, kwa hiyo fundi anayeanza kupanga bati upande wowote anaouona rahisi anaikaribisha mvua yote iingie ndani. Wa bara atakuwa na upepo wake, auulize kabla ya kupanda.

Sasa mnielewe kwa nini nasema karatasi ya kiwanda. Nimeliona jambo hili likitokea Duga, kwa watu ninaowafahamu. Nyumba imepauliwa vizuri kwa macho, masika ya pili inavuja. Fundi anaitwa, anasema bati ni bovu. Muuzaji anasema bati ni zima, fundi ndiye mbovu. Mwenye nyumba anakwenda kiwandani na risiti yake na dhamana ya miaka mingi mkononi. Mkaguzi anakuja, anapanda, anaona mikato ya grinda na misumari badala ya skrubu, anaandika kwamba masharti ya dhamana yamevunjwa. Kila mmoja ameondoka na haki yake isipokuwa mwenye nyumba. Kiwanda hakikusema uongo. Dhamana ya bati hufunika kosa la bati, na kosa la mkono wa fundi aliyeokotwa kijiweni si lao.

Fundi aliyethibitishwa na kiwanda anaiziba njia hiyo ya kurushiana lawama. Amefundishwa na watengenezaji wenyewe jinsi ya kulibeba, kulikata na kulifunga bati lao. Jina lake wanalo. Akiharibu, wanajua pa kumpata, na yeye ana cha kupoteza, yaani nafasi kwenye orodha ambayo wateja wanaelekezwa. Fundi wa kijiweni akiharibu kwenu, kesho yuko Korogwe.

Lakini karatasi nayo ichunguzwe, maana leo kila mwenye kompyuta anaweza kuchapa cheti. Piga simu kiwandani kwa namba iliyo kwenye risiti au kwenye ofisi yao, si ile anayokupa fundi. Uliza kama jina hilo wanalo, kama cheti bado kiko hai, na ni cha bati la aina gani. Aliyefundishwa kufunga migongo mipana si lazima awe amefundishwa lile la vigae. Kisha kuna ujanja ninaouchukia kuliko wote: mwenye cheti anakuja kupima, anasaini, anachukua malipo ya kuanzia, halafu anatuma vibarua ambao kiwanda hakijawahi kuwaona. Mkataba useme kwa jina ni nani atakuwa juu ya paa. Asipokuwepo, kazi isimame.

Someni pia dhamana yenyewe kabla ya kulipa. Inafunika bati kutoboka kwa kutu, au rangi kupauka, au vyote? Inalipa bati tu, au na gharama ya kulitoa na kulirudisha? Karibu na bahari masharti hubadilika kwa sababu ya chumvi, kwa hiyo ulizeni umbali unaokubalika. Pongwe si Raskazone, ila ulizeni. Na msiweke bati lilelile juu ya banda la kuku mkatarajia dhamana ileile, maana mvuke wa kinyesi cha mifugo hulila.

Sitaki mdhani cheti cha kiwanda kinamaliza yote. Kiwanda kinajua bati, hakijui kenchi zenu. Zikiwa dhaifu, paa litaanguka na bati lake zuri. Kiwanda pia kina biashara yake, na fundi wake atapenda mnunue bati lao hata pale ambapo la mwingine lingefaa, hivyo chagueni bati kwanza, fundi baadaye. Na sheria ina mambo yake mbali na hayo. Hapa Tanzania kampuni ya ujenzi husajiliwa na Bodi ya Usajili wa Makandarasi kwa sheria ya mwaka 1997. Wenzetu wa Kenya wana Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2011, ambayo huwatambua hata mafundi mmoja mmoja. Usajili huo unawaambia kwamba mtu huyo anaruhusiwa kufanya kazi. Kwamba analijua bati mlilonunua, huo ni ushahidi mwingine. Dukani nendeni na maikromita, tafuteni alama ya TBS, yaani Shirika la Viwango Tanzania, na msome maandishi ya kiwanda yaliyochapwa kwenye bati. Bati lililoandikwa geji 30 huku kipimo kikisoma pungufu, liacheni hapohapo.

Kwako wewe uliyeko Texas, najua unadhani babu anazungumza mambo ya Tanga. Kwenu jambo hili ni zito zaidi. Jimbo la Texas halina leseni ya jimbo kwa wanaoezeka paa. Mvua ya mawe ikipita, wanagonga mlango watu wenye gari lenye maandishi mazuri, nawe hujui kama mwakani watakuwepo. Huko viwanda vya vigae vya lami kama GAF, Owens Corning na CertainTeed vina makandarasi waliothibitishwa navyo kwa madaraja, na dhamana kubwa zaidi, zile zinazofunika na kazi ya mikono, hutolewa kupitia hao tu. Aliye nje ya orodha atakuwekea kigae kilekile, ila dhamana utakayobaki nayo ni ndogo. Orodha ziko wazi kwenye mtandao. Tafuta jina lake humo kabla hujamfungulia geti.

Na wewe uliyechukua sanduku langu la vifaa. Mkono unao, nimeuona. Usitosheke nao. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, wanawapima na kuwapa vyeti mafundi waliojifunzia kazini, nenda ukapimwe. Viwanda vikubwa vya bati huwaita mafundi na kuwafundisha, na ukisikia tangazo usiseme una kazi siku hiyo. Ukae mbele, uulize, uchukue mwongozo na uusome mpaka uuelewe. Mteja akikuomba cheti usikasirike wala usione amekudharau. Anakuuliza juu ya fedha alizozikusanya kwa miaka, pengine za vikoba na za mkopo, na ana haki.

Mtakapofika kwenye kupaua pale Pongwe, fedha zitakuwa zimeisha. Ndivyo ilivyo kwa kila anayejenga: msingi na kuta hula zote, na paa hubaki kwa mabaki. Hapo ndipo atatokea mtu wa kuwapunguzia bei. Subirini. Afadhali kuta zikae msimu mmoja bila paa, zikiwa zimefunikwa juu, kuliko kulipia paa mara mbili. Risiti, dhamana na mkataba viwekwe pamoja na hati ya kiwanja kwa shangazi yenu. Na fundi akikataa jina lake kuandikwa kwenye fomu ya dhamana, mpeni nauli yake arudi kwao, mtafute mwingine.

Ni mimi babu yenu,
Tanga