Simba wa Kutumwa

Filamu ya The Ghost and the Darkness ilipata tuzo ya Oscar mwaka 1997 kwa uhariri wa sauti. Sisi wa Ikungi tuliiangalia sauti ikiwa imezimwa.

Haikuzimwa kwa bahati mbaya. Banda umiza letu lilikuwa la mabati na magunia. Ndani kulikuwa na TV moja ya chogo, deki iliyofungwa kwa mpira wa baiskeli, na kijana mmoja aliyekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, maikrofoni mkononi. Nje jenereta linanguruma. Kiingilio cha mtoto kilikuwa shilingi 50. Muvi zilizotafsiriwa Dar es Salaam, zile za Lufufu ambaye jina lake halisi ni Derek Mukandala, zilitufikia kwa kuchelewa, na nyingine zimekwaruzika hata hazichezi. Zikikosekana, yule kijana alizima sauti ya Kizungu na kututafsiria mwenyewe. Kiingereza chake kilikuwa cha kiasi gani, hatukuwa na njia ya kumpima. Ila sikumbuki hata mtu mmoja aliyewahi kudai arudishiwe hela yake.

Pale ndipo nilipoyaona madude yote. Nyoka wa Anaconda, Godzilla, mijusi ya Jurassic Park, na King Kong yule wa mwaka 2005. Kanuni tulizijua kabla hatujajua kusoma: stelingi hafi, adui lazima afe, na lidude halionyeshwi lote mpaka watu watatu wawe wameliwa.

Mwaka jana, nikiwa mwaka wa kwanza wa masomo ya uzamili, niliamua kuziangalia tena zote. Safari hii kwa kompyuta yangu, na sauti yake ya asili. Nyingi zilikuwa zimesinyaa. Anaconda, ambayo iliwahi kunifanya nikatae kwenda chooni peke yangu kwa wiki mbili, ni nyoka wa mpira anayebadilishana zamu na nyoka wa kompyuta, na wala hawafanani sana. Kuna mahali mashua inarudi nyuma na maporomoko ya maji yanaonekana nyuma yake yakipanda juu badala ya kushuka, kwa sababu picha ilichezwa kinyumenyume. Nilicheka peke yangu chumbani. Kisha nikakumbuka kwamba yule kijana wa kwenye ndoo aliliona hilo tangu zamani. Alituambia kwamba mto ule una mzimu, na mzimu ukikasirika maji hurudi yalikotoka. Tulimwamini, na kwa kweli maelezo yake ni bora kuliko ya wenye filamu.

King Kong bado ananiuma pale mwisho, sina la kuongeza. Jurassic Park imebaki nzuri kuliko zote, na siku hizi najua kitu ambacho banda umiza halikutuambia. Yule mnyama mrefu wa kwanza kuonekana, anayesimama kwa miguu ya nyuma kula majani, ana ndugu yake wa karibu aliyechimbwa Tendaguru, mkoani Lindi, na Wajerumani kati ya mwaka 1909 na 1913. Mifupa yake imesimama Berlin, urefu wa zaidi ya meta 13. Madude ya kwetu yana tabia ya kuishia kwenye makumbusho ya watu wengine.

Lakini niliyokuwa naisubiri hasa ni ile ya simba.

Kwa ambao hawajaiona: ni mwaka 1898, Waingereza wanajenga reli kutoka Mombasa kwenda Uganda, wamefika mto Tsavo na wanataka kuuvuka kwa daraja. Simba wawili wanaanza kula vibarua. Anakuja injinia, Patterson, ambaye alikuwa mtu wa kweli na alikuja kuandika kitabu mwaka 1907. Katika filamu anasaidiwa na mwindaji wa Kimarekani, Remington, ambaye ni wa kutungwa. Remington ameigizwa na Michael Douglas, kwa hiyo banda zima lilijua huyo ndiye stelingi. Alipokufa yalizuka makelele mpaka mwenye banda akaingia na fimbo.

Kilichonikaa kichwani kwa miaka yote hiyo hakikuwa kifo cha stelingi. Ni mzee mmoja. Mzee anakaa pembeni ya kambi, nyuma ya nyasi ndefu, na simba wale ni wake. Jioni anawafungulia, alfajiri wanarudi kwake, naye anawafuta midomo kwa majani. Kukikucha anakuja kambini na fimbo yake kuwapa pole waliofiwa. Anakaa nao chini. Anauliza marehemu alikuwa na watoto wangapi. Hicho ndicho kilichoninyima usingizi, zaidi ya meno na damu: kwamba anauliza kuhusu watoto.

Niliiangalia filamu mara mbili nikimtafuta yule mzee. Hayumo.

Hakukatwa, hajafichwa, hakuwahi kuwamo. Mahali alipokuwa mzee wangu pana nyasi tu zinazotikisika, kamera imetulia, na muziki. Vibarua wanasema simba hawa si wa kawaida, ni pepo, ni shetani, hata wawindaji wa Kimasai walioletwa kusaidia wanaondoka. Lakini hakuna anayesema simba wana mwenyewe. Wenye filamu waliishia kwenye pepo. Aliyetoka kwenye pepo akafika kwa mzee mwenye simba ni mtu wetu wa kwenye ndoo.

Likizo iliyofuata nilimtafuta. Siku hizi anaendesha bodaboda Singida mjini, ana tumbo kidogo, na alinikumbuka kwa jina la kaka yangu. Nikamuuliza, kaka, yule mzee mwenye simba ulimtoa wapi?

“Mzee gani?”

Nikamweleza. Alicheka mpaka akashuka kwenye pikipiki.

“Mdogo wangu, pale nyasi zinatikisika muda wote huo na hakuna kitu kinachotokea. Sasa watu wa Ikungi niwaambie ni upepo?”

“Lakini mwenye simba. Hiyo stori ulisimuliwa na nani?”

“Aa, hiyo kila mtu anaijua,” akasema, kisha akaniuliza kompyuta kama yangu inauzwa bei gani.

Kila mtu anaijua, na mimi hakuna aliyewahi kunisimulia. Niliikuta kwa maandishi, katika sehemu ya East Africana ya maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, nikitafuta kitu kingine kabisa. Katika jarida la Tanganyika Notes and Records kuna makala ya mwaka 1950, ya mtu anayeitwa Wyatt, kuhusu watu-simba wa Singida. Mwaka 1962 mwanaanthropolojia Mmarekani, Harold Schneider, aliyeishi na kufanya utafiti kwa Wanyaturu, aliandika nyingine katika jarida hilohilo, akilipima upya suala lilelile. Nilisoma zote mbili nimesimama, mkoba ukiwa bado begani.

Mwishoni mwa miaka ya 1940 watu walikuwa wanauawa huku kwetu, na miili ilikutwa na majeraha kama ya makucha. Wengine walisema ni simba. Wengine walisema ni simba wa kutumwa, wenye wenyewe. Wengine wakasema ni watu waliovaa ngozi za simba, wanaolipwa kumaliza visa vya wengine. Serikali ya kikoloni ilikamata watu, ikasikiliza kesi, na baadhi walinyongwa.

Ndipo nilipoelewa jambo moja la bibi yangu. Jioni ile baada ya banda umiza nilimkuta anapeta uwele uani, nikamsimulia filamu yote tangu mwanzo, na mzee wake, na majani ya kufutia midomo. Hakunigombeza. Aliweka ungo chini, akainuka, akaingia ndani na kunivuta niingie naye, akasukuma kigogo nyuma ya mlango ilhali jua lilikuwa halijazama. “Wenye simba hawatajwi jioni, mjukuu wangu,” alisema. Baada ya hapo shilingi 50 ya banda ikawa haipatikani kwake, na yeye ndiye aliyekuwa benki yangu.

Bibi alizaliwa miaka michache kabla ya Vita Kuu ya Pili. Wakati wa mauaji yale alikuwa mtoto wa umri niliokuwa nao mimi kwenye lile banda.

Nimekuwa nikifikiria kuhusu wasimulizi, na nina mfano mmoja ninaoupenda. Godzilla wa kwanza, wa Ishirō Honda, alitoka Japani mwaka 1954, mwaka uleule ambao majivu ya bomu la majaribio la Marekani yaliwaangukia wavuvi wa Kijapani waliokuwa kwenye mashua yao karibu na Bikini. Filamu ile ilijua dude lake limeamshwa na nani. Mwaka 1956 ilipoonyeshwa Marekani, walimpachika mwigizaji wao, Raymond Burr, kama mwandishi wa habari, asimame katikati ya picha za Wajapani akiwasimulia Wamarekani kinachoendelea, na mengi yaliyohusu bomu yakapunguzwa. Kwa hiyo nao walikuwa na mtu wao wa kwenye ndoo. Tofauti ni kwamba msimulizi wao alimwondoa mwenye dude, wa kwetu alimwongeza.

Na kumwondoa kunaleta usingizi mzuri. Simba wa Tsavo walipigwa risasi Desemba mwaka 1898, wa kwanza tarehe 9, wa pili tarehe 29. Ngozi zao zilikaa nyumbani kwa Patterson kwa zaidi ya miaka 20, kisha akaziuzia makumbusho ya Field, Chicago, na wapo huko mpaka leo, wamejazwa, ndani ya kioo. Hawana hata yale manyoya ya shingoni ambayo Hollywood iliwapa. Unaweza kwenda ukawaangalia ukajiambia, kumbe ni hawa. Kwetu hakuna kioo. Walionyongwa walinyongwa, na mpaka leo watu hawakubaliani kama lidude lenyewe lilikuwa mnyama au mtu.

Desemba nilimpelekea bibi nakala za makala zile. Hasomi Kiingereza, na Kiswahili anakisoma kwa taabu, lakini alizishika kwa mikono miwili kama mtu aliyepewa barua ya msiba. Nikamwambia zinahusu nini. Ilikuwa asubuhi, nilihakikisha ni asubuhi.

Alikaa kimya muda mrefu. Kisha akaniambia kwamba mjomba wake, mdogo wake na mama yake, alichukuliwa na askari.

“Alirudi?”

“Wewe umewahi kumwamkia?”

Nikamuuliza kama alikuwa na hatia. Najua lilikuwa swali la mtu aliyekulia kwenye filamu, anayetaka kujua adui ni nani kabla taa hazijawashwa.

“Mama alisema hakufanya. Jirani aliyefiwa na mtoto alisema amefanya. Wote wawili walichota maji kisima kimoja mpaka wakafa.” Akanyamaza kidogo. “Mama alikuwa anamtwisha yule jirani ndoo. Na jirani anamtwisha mama.”

Sikuandika kitu wakati anazungumza. Jina la mjomba alilitaja mara moja tu, na sitaliandika hapa.

Mchana wake, kwa sababu aliuliza yenyewe ikoje, nilimwekea ile filamu kwenye kompyuta juu ya kigoda, na sauti yake yote iliyopewa Oscar. Aliangalia kwa utulivu, khanga mdomoni. Simba walipoingia kwenye hema la wagonjwa alitikisa kichwa kwa huruma, akauliza kama wale wagonjwa wana ndugu zao pale. Nyasi zilipotikisika alisogea mbele.

“Mwenye simba ndiye huyu anakuja sasa?”

Nikamwambia katika filamu hii simba hawana mwenyewe, ni simba tu.

“Simba tu?”

“Simba tu, bibi.”

Akajiegemeza nyuma. “Basi hii ni ya watoto,” akasema. Akaniuliza ndani ya hicho kimashine mna nini kingine.

Nikamwekea Anaconda. Hiyo aliimaliza, na kwenye maji yanayopanda juu aliniambia nirudishe nyuma aone tena.