Breki ya mkono

Jamani, hivi mmewahi kumtazama vizuri dereva wa bajaji akiwa kazini? Klachi iko mkono wa kushoto, gia mkono huohuo, mafuta mkono wa kulia. Mguu una kazi moja tu: breki. Waliobuni kile chombo sidhani kama walimfikiria mtu asiye na nguvu za miguu, lakini walimfikisha karibu kabisa. Kimebaki kipande kimoja cha chuma.

Kipande chenyewe nilikiona Tunduma, nilikokwenda kwa habari nyingine kabisa ya foleni ya malori ya Zambia na Kongo (habari isiyoisha ile!). Nilipanda bajaji ya kijana ambaye miguu yake haina nguvu tangu utotoni. Fundi wa kuchomelea amemwekea nondo kwenye pedeli ya breki, imepanda mpaka usawa wa goti. Akitaka kusimama, mkono wa kulia unaachia mafuta na kukandamiza nondo, wa kushoto unabaki kwenye usukani. Basi, ndiyo teknolojia yote.

Nikamuuliza, pale palipochomelewa pakikatika je?

"Braza, nikiona inalegea namrudia fundi."

Alicheka. Mimi nilikuwa natazama lori la kontena mbele yetu. Kwa maelezo yake, tangu iwekwe hakuna aliyewahi kuikagua.

Sasa angalieni vituko. Sheria ya forodha ya Afrika Mashariki ya 2004 inamsamehe mwenye ulemavu ushuru wa gari moja lililotengenezwa mahususi kwa matumizi yake. Safi sana. Ila bajaji hii iliingia nchini ikiwa ya kawaida, kama zote. Umahususi wake umeongezwa gereji, kwa nondo ya kuokoteza, mpakani hapohapo. Msamaha haumgusi.

Halafu kuna ile asilimia 10 ya mapato ya halmashauri, ambayo sheria tangu 2018 inataka ikopeshwe bila riba, 2 kati yake zikiwa za wenye ulemavu. Ilisimamishwa 2023, ikarudi 2024. Kwa maoni yangu anayekopeshwa bajaji akopeshwe na breki yake humohumo. VETA wanafundisha kuchomelea nchi nzima, SIDO wana wataalamu wa mashine. Wachore nondo moja, waipime inahimili uzito gani, mchoro wapewe mafundi wa Tunduma. Hapo trafiki naye atakuwa na kitu cha kukagua zaidi ya leseni.