Basi la Kusini na Saa ya Maziko

Katika daftari la msikiti wetu hapa Kilwa Kivinje, ukurasa wa maziko una safu ya saa. Waliotutangulia katika kazi ya ukatibu hawakuwa na safu hiyo, wala hawakuihitaji. Mtu akifariki alfajiri alizikwa kabla ya alasiri, na ndugu zake wa Dar es Salaam wakapata habari baadaye kwa barua au kwa kinywa cha msafiri, wakasoma hitima huko huko. Safu ya saa imeletwa na basi.

Wazee wetu wanaikumbuka KAMATA, Kampuni ya Mabasi ya Taifa. Ilizaliwa mwaka 1974, pale shirika la DMT, lililokwisha kutaifishwa, lilipogawanywa: UDA ikapewa jiji, KAMATA ikapewa safari za mikoani. Kampuni yenyewe imekwisha kitambo. Jina lake limebaki jijini, pale Gerezani, ambapo vijana husema wanashuka Kamata bila kujua kwamba wanataja basi.

Kwa watu wa kusini, hata hivyo, mwenye amri hakuwa kampuni yoyote bali mto Rufiji. Ndundu palikuwa na kivuko, na masika yakishika, njia ilimezwa na maji, Kilwa na Lindi zikawa kama visiwa. Wazee husimulia foleni ya magari ukingoni, watu wakitawadha kwa ndoo kwa kuwaogopa mamba, wakiswali jamaa mchangani na dereva ndiye imamu. (Siku hizi tunamwomba dereva dakika kumi za adhuhuri, naye anatuonyesha saa yake.)

Daraja la Mkapa, lenye urefu wa karibu mita 970, lilifunguliwa mwaka 2003, nasi tungali watoto. Lami haikuja pamoja nalo. Kilomita 60 za kutoka Ndundu hadi Somanga zilichelewa kuliko zote, na tope lake tunalijua kwa miguu yetu. Zilipokamilika, aliyepanda Mbagala Rangi Tatu asubuhi aliweza kufika Nangurukuru mchana, hapo ambapo basi la Lindi na Mtwara humwacha mtu atafute bodaboda ya kumwingiza Kivinje.

Ndipo simu zilipoanza. "Tusubirini, tumeshafika Somanga." Sheria inatutaka tuharakishe maiti, na mtoto anataka kumwona mamaye kwa mara ya mwisho, katibu amesimama baina yao, simu mkononi. Tumewahi kuwaweka waumini tangu adhuhuri hadi karibu na magharibi kwa ajili ya basi lililopasuka gurudumu njiani. Mzee mmoja akatuambia, mbele ya jeneza, kwamba tumemfanya dereva kuwa kadhi. Hatukuwa na jibu, na hata leo hatunalo. Tangu siku ile tunaandika saa ya kufariki na saa ya kuzika, ili anayetaka kutuhukumu awe na cha kusoma.

Mwezi Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipiga pwani yetu, barabara ikakatika Somanga. Siku hizo hizo akafariki mama mmoja wa mtaani kwetu. Wanawe watatu walikuwa upande wa pili wa maji, ndani ya basi, hawawezi kuja na hawataki kurudi. Tuliwasubiri kwa kadiri tulivyoweza kuthubutu, kisha tukamswalia na kumzika. Wakati wa talkini yule mkubwa alipiga simu, akatuomba tuiweke karibu na kaburi. Tukaiweka juu ya mchanga, sauti ikiwa wazi, na watu wote wakasikia vilio vya abiria wasiowajua.

Barabara ilipopitika walikuja wote watatu, vumbi la safari likiwa bado nguoni. Walikwenda makaburini wakamswalia mama yao hapo kaburini. Kisha wakaja msikitini wakaomba kuliona daftari. Mdogo wao alipitisha kidole kwenye safu, akasoma kwa sauti: saa kumi na robo.

"Saa hiyo," akasema, "ndiyo kwanza tulikuwa tumeshuka kwenye basi."