Msalaba wa Mawe wa Malindi

Msafiri apitaye katika mashamba ya chai ya Kericho na Bomet huona makanisa mengi, mengine ya mabati na mengine ya mawe. Mjini Kericho lipo kanisa kuu la Moyo Mtakatifu, lililokamilika mwaka 2015, lenye kuta za mawe ya Kenya. Lakini hayo ni majengo ya juzi, maana hata chai yenyewe ilianza kulimwa huko kwa biashara katika miaka ya 1920. Atakaye kuuona msalaba wa mawe wa zamani za kale hana budi kuteremka pwani mpaka Malindi.

Huko, kwenye rasi iliyoingia baharini, umesimama mnara mweupe mfano wa pia, na juu yake msalaba wenye nembo ya Ureno. Jiwe lake la chokaa lilipakiwa merikebuni kutoka Lisbon. Vasco da Gama alifika Malindi mwezi wa Aprili 1498. Sultani alimpokea vizuri, akampa rubani wa kumwongoza mpaka Bara Hindi. Aliporudi Januari 1499, aliacha nguzo ya msalaba.

Nguzo hiyo haikuwekwa juu ya kaburi. Ilikuwa alama ya mfalme wa Ureno, kama mkulima apandavyo mti mpakani mwa shamba lake. Basi wenyeji, ambao ni Waislamu, hawakupendezwa nayo ilipokuwa karibu na jumba la Sultani. Ikaondolewa hapo, na baadaye ikasimamishwa tena kwenye rasi.

Katika vijiji vya Uingereza nako, zama hizo, misalaba ya mawe ilisimama katika viwanja vya makanisa, kati ya makaburi. Watu waliizunguka kwa maandamano siku ya Jumapili ya Matawi. Lakini mafundisho ya dini yalipobadilika, Wakristo wenyewe waliivunja, na mwaka 1643 Bunge liliamuru iondolewe. Mingi imebaki ngazi na kipande cha nguzo tu.

Malindi, mji wa Waislamu, ulihamisha msalaba wa wageni bila kuuponda. Leo hutunzwa na Makumbusho ya Taifa ya Kenya, na adui yake mkubwa ni bahari, ambayo huila rasi kidogo kidogo. Jiwe ni gumu, lakini lisipopata watu wa kulilinda halifiki mbali.