Kigogo cha Pangani

Chuoni nilikosomea ualimu, mkufunzi wetu alikuwa akitukazania neno moja: jaribio ambalo mwalimu mwenyewe hajalijaribu, lisipelekwe darasani. Nilipokuwa mwalimu mkuu niliwakazania walimu wangu neno hilohilo, na nyumbani nikaendelea nalo. Uzeeni limenirudia, na aliyenirudishia ni mjukuu wangu wa miaka 10.

Mtoto huyo alipewa tangi dogo la kioo na samaki 6 wenye mikia kama vipepeo. Akatamani gogo la kuwapa kivuli. Siku moja nilikuwa Pangani, mahali mto unapoingia baharini, nikaokota kigogo kilicholainishwa na maji, kimejipinda kama pembe ya tandala. Nikakisuuza bombani, nikakitia tangini jioni ileile. Kulipokucha samaki walikuwa juu ya maji wakitweta. Kufikia magharibi, 4 walikuwa wamekufa.

"Babu, ulikijaribu kwanza?" akaniuliza.

Nilitaka kusema samaki walikuwa wagonjwa. Niseme kweli, msomaji: katika miaka yangu yote ya ukuu wa shule sikupata kumwambia mtoto, "Nimekosea." Siku ile nilimwambia.

Tulikipasua kigogo. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti! Nje kilikuwa kigumu, ndani kimeoza. Uozo ukilowa humaliza hewa ya majini ambayo samaki huivuta. Tena kilikuwa kimenyonya chumvi ya bahari, na samaki wale ni wa maji baridi.

Tukaanza upya. Tulitafuta mti mgumu, uliokauka siku nyingi, usio na utomvu wala harufu, ambao ncha ya kisu haizami. Mnyaa tuliukwepa kwa sababu ya utomvu wake mkali; mtupa pia, kwani wavuvi wa zamani waliuponda ili kuwalevya samaki. Tukabandua gamba lote, tukasugua kwa brashi bila sabuni, tukachemsha kwa muda wa saa mbili. Maji yakageuka kama chai ya rangi. Rangi hiyo hutoka kwenye dawa ya asili iliyomo mtini, ile ile ambayo magome ya mikoko yalitumiwa kulainishia ngozi. Ikiwa kidogo haiui samaki, ila huyatia maji ukali. Kisha tukakilowesha kwenye ndoo, tukibadili maji kila siku, mtoto akiandika rangi yake daftarini. Kilielea wiki 3 kabla ya kukubali kuzama.

Samaki 2 waliosalia sasa hujibanza chini yake mchana. Lakini lililonifurahisha zaidi ni jingine. Zamani mjukuu wangu akivunja kikombe, alikuwa akificha vigae chini ya kitanda. Siku hizi huniletea mkononi, akasema, "Babu, nimekosea."