Yule Sungura wa Mapinga

"Mapinga wapo?" Konda aliuliza mara moja tu, akagonga bati, nasi watu watatu tukajipenyeza kati ya magoti na vikapu mpaka mlangoni. Tulikuwa tumeshavuka daraja la Mto Mpiji, pale Dar es Salaam inapoishia na Wilaya ya Bagamoyo kuanza. Kwa macho huoni mpaka wowote. Matofali ya saruji yamepangwa kando ya lami yanakauka, mafundi wanachomelea mageti, madafu yamerundikwa kwenye toroli, na kila baada ya hatua chache kuna kibao cha viwanja vinavyouzwa. Minazi na mikorosho bado ipo, lakini jiji linaisogelea na kamba zake za kupimia, na familia zilizochoka kulipa kodi za mjini zinahamia huku hata kabla madirisha hayajatiwa.

Ilikuwa katikati ya Novemba, mvua za vuli zimeshanyesha mara mbili tatu na vumbi limetulia. Nilikuwa natafuta darasa nililosimuliwa na jamaa yangu: banda la mabati nyuma ya nyumba ya mwalimu mstaafu, mabenchi sita ya mbao, ubao wa plaiwudi uliopakwa rangi nyeusi. Wanaosoma pale ni watoto waliofanya mtihani wa darasa la saba mwezi wa tisa na wanaosubiri Januari waingie kidato cha kwanza. Mtaani masomo ya msimu huu yanaitwa prifomu wani, na ukipita barabara yote hii kuanzia Tegeta hadi Bagamoyo mjini utayakuta matangazo yake yamebandikwa kwenye nguzo za umeme.

Msomaji aliyepita shule za serikali hahitaji kuelezwa kwa nini. Tangu mwaka 1967 shule za msingi za umma zinafundisha kwa Kiswahili, na Kiingereza ni somo mojawapo. Ukivuka kwenda sekondari, mambo yanageuka: masomo yote ni kwa Kiingereza, isipokuwa Kiswahili chenyewe na machache mengine. Mtoto aliyemaliza la saba akijua vizuri usanisinuru ni nini, anayeweza kukueleza jinsi jani linavyopika chakula kwa mwanga wa jua, Januari anaukuta usanisinuru uleule umebadilishwa jina, na lugha ya kuuliza swali hana. Hajasahau sayansi. Amefungiwa nje ya chumba ambacho vyombo vyake mwenyewe vimo ndani.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba mwanangu. Karibu, kaa hapo kwa nyuma. Hawa wakikuona watajifanya wanajua."

Ni mama wa miaka sitini na kitu, kanga mabegani, miwani imening'inia kwa uzi. Wanafunzi wanamwita Madamu. Amefundisha shule za msingi maisha yake yote, na aliniomba nisiandike jina lake. Wa kuandikwa, alisema, ni wale walio kwenye mabenchi. Wenye uwezo wanatoa shilingi mia tano kwa siku. Wasio nayo wanakuja na daftari.

Kilichonishangaza kwanza ni karatasi. Kila benchi lilikuwa na nakala mbili za mazoezi ya sarufi na ufahamu, na maelekezo yake hayakuwa ya Kiingereza wala ya Kiswahili. Yalikuwa na herufi zilizojaa vikofia na mikia juu, na vinukta chini. Mjukuu wake, aliniambia, ndiye anayemtafutia mazoezi ya bure kwenye intaneti na kuyachapisha kwenye steshenari ya barabarani; siku hiyo akaleta yaliyotengenezwa kwa ajili ya wanafunzi wa Vietnam. Yeye hakuyatupa. "Maswali ni ya Kiingereza. Hayo mengine tutakisia."

Watoto walikuwa wameshayazoea majina ya Nam na Lan. Vietnam kwao si nchi ya hadithini: ndiko ulikotoka mtandao wa simu wa Halotel, ulioanza kutoa huduma nchini mwaka 2015, na mmoja alijua hilo kwa sababu dada yake anauza vocha zake.

Swali la nne lilikuwa hili: Nam alinunua baiskeli mwaka jana, baiskeli ni nyekundu, jaza nafasi mbili zilizoachwa wazi kwa "a" au "the". Mikono haikunyanyuka. Binti wa benchi la mbele akasema kwa sauti ya chini kwamba yeye hujaza "the" zote, maana ndiyo inayopatikana mara nyingi kwenye vitabu. Nikamwelewa kabisa. Mimi nilifanya hivyohivyo mpaka kidato cha nne.

Madamu aliweka chaki chini. "Nani atanianzishia hadithi? Ya sungura."

Kijana mmoja akasimama. "Hapo zamani za kale palikuwa na sungura. Yule sungura alikuwa mjanja sana..."

"Simama hapohapo. Mbona mara ya kwanza hukusema *yule*?"

Kimya. Kuku alipita mlangoni, akachungulia, akaondoka.

"Kwa sababu hatujamjua bado," alisema binti wa "the".

"Na mara ya pili?"

"Tumeshamjua. Ndo huyohuyo."

Madamu akaandika ubaoni *a rabbit* chini ya "sungura", na *the rabbit* chini ya "yule sungura". Hakusema neno. Nikasikia benchi zima likivuta pumzi. Kisha akaongeza jozi nyingine: "Nimesoma kitabu" na "Nimekisoma kitabu". Akauliza tofauti, na safari hii mikono saba ikapanda kwa pamoja. Kitabu cha pili tulishakizungumza, walisema. Cha kwanza ni chochote tu.

Nimesoma vitabu vingi vya sarufi, vingine vya wataalamu wakubwa, na karibu vyote huanza kwa kutangaza kwamba Kiswahili hakina "a" wala "the". Ni kweli, vipashio hivyo hatunavyo. Lakini jambo lenyewe, yaani kutofautisha kitu kigeni na kitu kilichokwisha kutajwa, mtoto wa Pwani analifanya kila akifungua mdomo: kwa *yule* anayetangulia nomino, kwa *ki* ndogo iliyojibanza ndani ya kitenzi. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba analijua. Ndiyo maana nilishindwa kuyaondoa macho ubaoni.

Madamu alirudi kwenye karatasi. "Mtoto wa Vietnam naye hana hivi vineno katika lugha yake. Na kitenzi chake hakigeuki hata kidogo. Jana, leo, kesho, kitenzi ni kilekile, anaweka kineno pembeni. Nyinyi mna *li*, mna *na*, mna *ta*, mna *me*. Nani ana mzigo mwepesi?"

"Sisi!"

Alisema kweli, na hapo ningependa kuongeza jambo ambalo hakulisema. Mtoto wa Vietnam anasoma fizikia, historia na hesabu kwa Kivietinamu, na Kiingereza anajifunza kama somo, sasa ni la lazima kuanzia darasa la tatu. Akikosea "the", anapoteza alama ya Kiingereza. Mtoto wa Mapinga akikosa Kiingereza anapoteza na biolojia, jiografia na kemia. Karatasi ni moja, zoezi ni moja, lakini wanaolijaza hawachezi kwa dau moja.

Baada ya mapumziko ya uji na mihogo ya kukaanga lilikuja somo la ufahamu. Madamu aliandika sentensi moja ubaoni: *The zumo climbed the tafi and pelled three big gombs.* Chini yake maswali matatu. Nani alipanda tafi? Zumo alifanya nini baadaye? Gombs zilikuwa ngapi? Kalamu zilikimbia. Ndani ya dakika nne madaftari yalikuwa mezani kwake, na karibu wote walikuwa wamepata tatu kwa tatu, kwa sentensi kamili, herufi kubwa mwanzoni na nukta mwishoni.

"Hongereni. Sasa niambieni. Gomb ni nini?"

Walitazamana. Mmoja akafungua kamusi, akapekua, akaifunga.

"Halipo, Madamu."

"Halipo kwa sababu nimelitunga mimi usiku. Na zumo nimemtunga mimi. Mmepata tatu kwa tatu katika habari isiyo na maana yoyote."

Kicheko kilichofuata kilikuwa cha watoto, lakini mimi kilinichoma. Hivyo ndivyo tulivyofaulu wengi wetu. Unalitafuta neno la swali ndani ya habari, ukiliona unanakili sentensi iliyolibeba. Mwalimu anaweka vema, mzazi anafurahi, na hakuna aliyesoma kitu.

Kijana aliyekuwa akisimulia ya sungura hakukubali. Alisimama akasema gombs zitakuwa matunda, maana zumo kapanda, na tafi utakuwa mti, na kwa kuwa ni matatu makubwa huenda ni madafu.

"Huyu ndiye anayesoma," Madamu alisema, akamshika bega. "Habari haina maana, yeye ameilazimisha iwe nayo."

Ndipo wakaingia kwenye habari ya karatasini. Nam anaamka alfajiri na kumpeleka *buffalo* wake shambani. Kamusi ikasema nyati. Darasa likagoma. Nyati wanamjua kwa sifa za mbugani, na mtoto hawezi kumswaga mnyama yule kwa fimbo hata kwenye kitabu. Mwingine akahisi mchapaji amekosea, alitaka kuandika ng'ombe. Madamu aliwaacha wabishane, kisha akawauliza shamba lenyewe ni la nini. La mpunga. Lina nini? Maji. Mnyama anafanya kazi gani? Anavuta jembe. Basi wakafika wenyewe, pole pole, kwa mnyama anayefugwa, mwenye nguvu, anayependa tope, asiyekuwapo Mapinga na asiyekuwa nyati wetu. Robo saa nzima kwa neno moja. Mkaguzi angesema amechelewa. Mimi sijaona robo saa iliyotumika vizuri zaidi darasani.

Nilipokuwa kidato cha kwanza, katika shule nitakayoiacha bila jina, aliyeongea Kiswahili alivishwa kibao cha mbao shingoni na kukaa nacho mpaka amnase mwingine. Nilikivaa siku mbili. Kuanzia siku ya tatu niliona njia ya usalama ni kunyamaza, nikanyamaza muhula mzima. Kiingereza hakikuingia kwa kunyamaza. Nimejifunza lugha hiyo baadaye, naipenda, naitumia kazini, na sitamani mtoto yeyote wa Tanzania aikose. Ninachopinga ni kumnyang'anya ngazi mtu unayemtaka apande.

Wakubwa wamelijua jambo hili kwa muda mrefu. Mwaka 1982 tume ya Makweta ilipendekeza sekondari zihamie kwenye Kiswahili, serikali haikukubali. Mwaka 1984 Waingereza wawili, Criper na Dodd, walipima wanafunzi nchini na kukuta wengi hawawezi kusoma Kiingereza cha kiwango kinachodaiwa na vitabu vyao vya masomo. Sera ya elimu ya mwaka 2014 iliruhusu Kiswahili kitumike ngazi zote. Na Januari ikifika, watoto hawa wa mabenchi sita watafunguliwa vitabu vya Kiingereza kama tulivyofunguliwa sisi.

Barabara inayopita Mapinga inafika mji wa Bagamoyo, na nilipomsikiliza Madamu nilimkumbuka mtu wa huko, Mtoro bin Mwinyi Bakari, mzaliwa wa Dunda. Mwaka 1900 alikwenda Berlin kuwafundisha Wajerumani Kiswahili katika chuo chao cha lugha za mashariki. Maandishi yake juu ya maisha ya Waswahili yamo katika *Desturi za Wasuaheli*, kitabu alichokitoa Carl Velten mwaka 1903. Mwaka 1905 alijaribu kurudi nyumbani na mke wake Mjerumani, akazuiliwa kushuka melini, akarudishwa Ujerumani, na huko alifariki mwaka 1927. Nawaza darasa lake: watu wazima wenye ndevu wakijaza ngeli, *mtu* na *watu*, *kitabu* na *vitabu*, wakikosea kama anavyokosea binti wa "the". Wale walipewa vitabu vya sarufi vilivyoeleza Kiswahili kwa Kijerumani, lugha waliyokuwa nayo nyumbani. Hakuna aliyevishwa kibao.

Saa kumi darasa liliachiwa. Nilimuaga Madamu, naye akaniagiza nikipata vitabu vya hadithi vya Kiingereza chepesi nisimsahau. "Vya kusoma tu, siyo vya mtihani."

Kituoni nilimkuta binti wa "the" akimsubiri mama yake ashuke kutoka Bunju. Daladala zilikuwa zimejaa, zikatupita mbili bila kusimama. Mbele yetu kulikuwa na kibao cha bati kilichopigiliwa kwenye mnazi: *PLOT FOR SALE*, na namba ya simu. Alikitazama kwa muda.

"Anko, hapa hawajaweka kitu kabla ya *plot*."

"Ungeweka nini?"

Alifikiri, mdomo ukicheza bila sauti. Aligeuka akatazama nyuma ya mnazi: vichaka, mikorosho miwili mitatu, na mawe manne meupe ya mpaka.

"Kama mtu hajafika hapa, *a*," alisema. "Sisi tunakiona. *The*."